Folda Iliyofunguka Yenyewe

Benchi lilipita juu ya vichwa vya watu likaangukia mkono wa kijana mwenye shati la samawati. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mashabiki wa timu mbili walikuwa wamepigana tangu kwenye foleni ya tiketi, wakaletwa hospitali pande zote mbili, na mtu fulani mwenye akili fupi akawaketisha katika ukumbi mmoja wa majeruhi. Wakaendeleza pale walipoishia. Chupa zilipasuka. Mtu mmoja aliyekwisha kushonwa nyuzi nane alimpiga kichwa mwenzake, nyuzi zote zikafumuka.

Mwenye shati la samawati hakuwa wa timu yoyote. Aliletwa chumba cha picha akiwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia, jasho likimtiririka, na begi la kompyuta likining'inia shingoni.

Mpiga picha za eksirei alikuwa dada mwembamba, aproni nzito ya madini ya risasi juu ya gauni la maua madogo, nywele kazifunga kwa utepe wa bandeji. Hospitali nzima ilimwita Mifupa.

"Timu gani?" akamuuliza bila kumtazama.

"Sina timu. Mimi ni fundi. Programu unayohifadhia picha, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nimekuja kuona inavyo—"

"Kumbe ndiwe!" Mifupa aligeuka. "Miezi mitatu nakutafuta nikutukane. Weka kiganja hapa. Usitikisike. Vuta pumzi. Shikilia."

Fundi alivuta pumzi akaishikilia. Mifupa aliingia nyuma ya ukuta wake wa kujikinga, wenye kioo, akabonyeza, akaangalia skrini, akachezea kalamu. Macho ya mgonjwa yalianza kumtoka.

"Haya, pumua."

"Kwani mkono una mapafu?"

"Hauna. Ila ulikuwa unaongea sana."

Mfupa ulikuwa umepasuka, mstari mwembamba chini kidogo ya kidole gumba. Mifupa aliikamata ile picha kwa kishale cha kipanya akaanza kuiburuta kuelekea folda ya mgonjwa. Papo hapo chupa ikapiga mlango. Alishtuka, mkono ukasimama njiani, na folda iliyokuwa chini ya kishale ikafunguka yenyewe. Kidole kikaachia. Picha ikaingia humo.

"Umeona?" alisema. "Sasa wewe ni bibi wa miaka sabini na nane mwenye nyonga mbovu."

Fundi alicheka, maumivu yakamkatiza. "Ni makusudi hayo. Ukisimamisha kishale juu ya folda sekunde moja, inajua unataka kuingia, inakufungulia. Ni adabu. Kama mwenyeji aliyemwona mgeni mlangoni."

"Hapa mtu husimama kwa sababu kashtuka, si kwa sababu anataka kuingia. Mlango gani huo unaofunguka kwa kuwa tu mtu kasimama nje?"

Fundi alisogeza begi shingoni kwa mkono mzima.

"Na nikiachia picha pasipo na folda, inakwenda wapi?"

"Folda ya karibu."

"Ya karibu! Daktari akapasue nyonga ya karibu?" Aliirudisha picha mahali pake, polepole, kama anayefundisha. "Sikiliza, fundi. Folda isifunguke mpaka iulize. Na kitu kikiachiwa pasipo mahali pake, kirudi kilikotoka. Basi. Hata mtoto anajua hilo, akipotea sokoni hurudi alipomwacha mama yake."

"Nitajie namba yako ya simu niiandike, nikupe taarifa ya matengenezo."

"Una mkono mmoja, utaandikaje?"

"Wa kushoto haujapigwa benchi."

Ndivyo walivyoanza. Mifupa alimwita Mkono, naye Fundi akamwita Mifupa Wangu. Fundi alikuja kila Jumatatu na Alhamisi na plasta yake, mashati yake yote mkono mmoja umekatwa kwa mkasi, akaketi kwenye kompyuta ya pili katika kile chumba. Kila alipomaliza kitu alimwita: "Njoo uvunje." Naye alivunja. Aliburuta huku akizungumza, akaachia katikati ya hewa, akasimama juu ya folda mpaka ikaona haya.

Jioni simu ya Mifupa iliita.

"Umelala?"

"Saa kumi na mbili nalala mimi ni kuku?"

"Nimefikiria. Folda itikisike kwanza. Itikisike, halafu iulize."

"Mpenzi, wenzio wakipiga simu huuliza umevaa nini."

"Haya. Umevaa nini?"

"Siulizwi kwa kukumbushwa." Akakata, akacheka peke yake, akasubiri aite tena. Akaita tena.

Jambo moja Mifupa alilifanya bila kumwambia mtu. Katika orodha ndefu ya wagonjwa, ileile kwenye kila kompyuta, programu iliruhusu kupandisha folda juu kabisa, kwa wale wanaohitajika haraka. Alipandisha folda ya Mkono. Hakuwa mgonjwa wa haraka. Alitaka tu kila akiwasha kompyuta asubuhi aone lile jina kwanza.

Mifupa alikuwa na dada yake mmoja tu duniani. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na tano naye saba. Alimbeba, akamfulia, akamfundisha kusoma na kuandika kwa maandishi ya mifuko ya saruji. Dada aliolewa na mwenye duka la vipuri vya magari, mtu mcheshi, mrefu, anayesalimia kila mtu kwa mikono miwili. Shemeji huyo alimpiga mkewe mahali pasipoonekana.

Mara ya kwanza dada alikuja hospitali wakati Mifupa yuko likizo, akajiandikisha kwa jina la uongo. Mbavu mbili. Mara ya pili alikuja tena siku asiyokuwepo mdogo wake, kwa jina lilelile. Taya, na vidole vitatu vilivyobanwa mlangoni. Picha sita kwa jumla. Mifupa alizikuta mwaka mzima baadaye akipanga orodha. Jina hakulijua, lakini kwenye taya aliliona jino lililovunjika ukingo, jino walilolivunja wote wawili utotoni kwa kugombea chupa ya soda. Alikaa chini sakafuni.

"Ni wewe," alimwambia dada siku ile, kwa simu.

"Mdogo wangu, ya nyumbani yana mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani? Mbavu au mwenye kuzivunja?"

"Akisimama mlangoni akilia, unadhani mimi moyo wangu ni jiwe? Namfungulia."

Mara ya tatu dada alikuja siku ya Jumatatu, na safari hii akasema jina lake la kweli. Kavaa gauni la kijani la mikono mirefu, kavuka barabara akitembea, mkono wa kushoto umepinda katikati. Ulikuwa mfupa ule unaovunjika mtu akikinga kichwa. Mifupa alimpiga picha.

"Nimechoka," dada alisema. "Kesho nakwenda polisi. Nipe ushahidi wangu wote."

"Subiri hapo. Niziweke zote mahali pamoja, za jina lile na za jina hili."

Fundi alikuwa ametoka kutafuta chai. Kompyuta ya Mifupa ilikuwa bado inapokea picha mpya, kwa hiyo akakaa kwenye kiti cha Fundi, kwenye kompyuta ya Fundi, akafungua folda ya jina la uongo, akazikamata zote sita kwa pamoja, akaanza kuziburuta kupanda juu kuelekea folda ya kweli ya dada yake.

Mlango ulipigwa teke.

Alikuwa shemeji. Alipita, akamshika dada nywele, akamwinua kwenye kiti. Mifupa aligeuka na kipanya mkononi, kidole kimebana, akapiga kelele. Ngumi ilimpata juu ya sikio. Alimwona dada akiburutwa sakafuni, ule mkono uliovunjika ukigonga mguu wa meza, akasikia sauti aliyoitoa dada, sauti isiyo ya mtu. Fundi aliingia na vikombe viwili. Alimmwagia shemeji chai yote usoni, akarukia shingo yake, na shemeji akamtupa ukutani kama shati.

"Acheni!" dada alisema. Alikuwa amesimama, damu puani. "Mdogo wangu, acha. Nakwenda naye. Asije akaua mtu hapa."

"Dada, usiende!"

"Nitakupigia."

Walinzi walifika chumba kimekwisha kuwa kimya. Mifupa alitapika kwenye ndoo. Kichwa kilivuma siku mbili, na mambo ya dakika zile yakamjia vipande vipande. Alipoangalia baadaye ile folda ya jina la uongo ilikuwa tupu, akajua kazi aliimaliza, zimefika.

Alikwenda polisi jioni ileile. Wakaandika. Wakasema mlalamikaji aje mwenyewe.

Dada hakupiga simu. Siku ya tano aliletwa kwa machela, na gauni lilelile la kijani. Ngazi, alisema shemeji, akilia kwa sauti katikati ya ukumbi, mikono yote miwili kichwani. Ameteleza kwenye ngazi. Mama Sindano, muuguzi mkongwe wa zamu, alimzuia Mifupa mlangoni kwa kifua chake kipana.

"Usiingie, mwanangu."

"Nani atampiga picha?"

"Mwingine atampiga."

"Ni dada yangu. Nitampiga mimi."

Akampiga. Kila upande. Mdomo ukasema peke yake, kwa mazoea, *vuta pumzi, shikilia*, na hapo Mama Sindano, aliyeuguza vita na ajali za treni, akatoka nje akalia.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja mpelelezi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Mume anasema ngazi," alieleza. "Fuvu na mkono, ngazi moja inatosha kuvunja vyote viwili. Lakini mtu haanguki ngazi ileile mara tatu kwa miaka mitatu, na vidole vibanwe mlangoni. Nipe hizo picha za zamani, nitamshika. Bila hizo yuko nje Jumatano."

Mifupa akafungua folda ya dada. Ilikuwa na mkono, na zile za mwisho. Hakukuwa na taya, wala mbavu, wala vidole.

Akatafuta kwenye folda ya jina la uongo. Tupu. Akatafuta kwenye pipa la taka. Tupu. Wakafungua kumbukumbu za programu. Mstari mmoja tu: picha sita zimehamishwa, saa nne na dakika kumi na nne, Jumatatu. Aliyehamisha: Fundi. Zimekwenda wapi, haikuandikwa.

"Huyu Fundi ni nani?" mpelelezi aliuliza.

Mama Sindano alijikohoza. "Sikutaka kusema. Jumatatu ile, baada ya vurugu, nilimwona getini. Yeye na yule mume. Wamesimama wanaongea karibu karibu, kama ndugu."

Fundi hakuwa amemwambia Mifupa hilo hata siku moja.

Alimkuta kwenye korido akija na maua ya rambirambi, kavaa shati jeupe, plasta imetolewa siku tatu tu zilizopita, mkono wake wa kulia umesinyaa na kupauka. Mifupa alikuwa ameshika sahani ya picha, ile ya chuma inayowekwa chini ya mgonjwa.

"Uliongea naye nini getini?"

Uso wa Fundi ulibadilika. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Sikutaka ujue. Sikiliza, Mifupa Wangu—"

Alimpiga kwa sahani. Fundi alikinga, na chuma kikatua pale pale kwenye kifundo. Akampiga tena begani, na tena mgongoni alipoinama. Maua yalitawanyika. Hakurudisha hata kofi.

"Umezipeleka wapi? Amekutisha ukampa? Umemuua dada yangu mara ya pili!"

"Nipe dakika tano mbele ya kompyuta, nitazita—"

"Usiiguse! Usiguse kitu chochote hapa tena!"

Mkuu wa hospitali alimfungia Fundi siku hiyohiyo, asiingie kwenye programu wala kwenye chumba. Fundi alimpigia Mifupa simu mara kumi na moja. Mifupa hakupokea. Mara ya kumi na mbili ulikuja ujumbe: *Alisema picha zikitoka atakuvunja vidole kimoja kimoja. Nilimjibu aanze na vyangu. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa na mengi.* Akausoma, akaufuta. Mwongo hakosi maneno.

Mawakili wa hospitali walisema wataita kampuni nyingine ije kutafuta. Itachukua mwezi. Jumatano ilikuwa keshokutwa.

Siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, ukumbi umejaa wavunjaji wa kokoto waliolipukiwa na baruti, Mama Sindano alichungulia. "Kuna mgonjwa. Mkono umevimba kama mkate. Kaficha siku nne."

"Mlete."

Akaletwa. Alikuwa Fundi.

Hawakusalimiana. Midomo ilimkauka, ngozi ya kifundo ilikuwa imegeuka zambarau. Mifupa alitaka kumwita mwenzake, lakini mwenzake alikuwa mikono yote kwenye damu ya mtu wa baruti. Kazi ni kazi.

"Weka kiganja hapa," alisema akiangalia ukuta. "Usitikisike."

"Nivute pumzi?"

Mifupa aliingia nyuma ya ukuta. Akabonyeza. Mfupa ulikuwa umevunjika kabisa sasa, vipande viwili, na ni yeye aliyeuvunja. Akaiangalia kazi ya mkono wake mwenyewe kwenye skrini, mkono huohuo uliofundishwa na dada kuandika. Haikuwa tofauti na picha alizopiga miaka yote. Mtu aliyekinga.

Utaratibu ni kwamba picha mpya iwekwe pamoja na ya zamani. Kwa hiyo akapandisha kishale mpaka juu kabisa ya orodha, kwenye ile folda aliyoipandisha kwa mapenzi na ambayo kwa hasira alikuwa amekwepa kuitazama. Akaifungua.

Ndani kulikuwa na picha saba.

Kifundo cha mkono, mstari mwembamba chini ya kidole gumba. Kisha mbavu. Kisha taya, na jino lililovunjika ukingo.

Ukumbi ulikuwa unapiga kelele, mtu alikuwa anamwita mama yake. Mifupa hakusikia. Aliona tena mlango ukipigwa teke. Aliona mkono wake kwenye kipanya, kidole kimebana, picha sita zimening'inia zikipanda kuelekea folda ya dada, na folda ya juu kabisa ikiwa jirani yake. Aliposhtuka kishale kiliruka kikasimama juu ya folda ya Mkono. Folda ikasubiri sekunde yake moja. Ikafunguka. Ngumi ikatua, na kidole kikaachia.

"Nilikaa kwenye kiti chako," alisema.

"Nini?"

"Jumatatu ile. Nilikaa kwenye kiti chako, kwa jina lako. Mimi ndiye niliyezihamisha." Akaigusa skrini. "Ziko kwako. Zimekuwa kwako siku zote."

Fundi aliinuka na mkono wake uliovunjika, akaja kuangalia. Alizihesabu moja moja. "Ile programu mpya, inayouliza kwanza," alisema hatimaye, "nilikuwa nimeimaliza Jumapili iliyotangulia. Nikasema nitaiweka nikishakunywa chai."

Ndipo wote wawili wakalia, yeye kwa kosa lake na yeye kwa lake, huku mtu wa baruti akipitishwa mlangoni bila mguu.

Mifupa alimpigia mpelelezi. Kisha akampigia magoti Fundi pale chini, kwenye sakafu yenye madoa.

"Nisamehe. Nimekupiga kama yeye alivyompiga dada."

"Simama."

"Sistahili."

"Umenipiga, kweli, na imeniuma, sitakudanganya. Ukinipiga tena, naondoka, na ukisimama mlangoni ukilia, sifungui. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa simama, Mifupa. Nifunge huu mkono."

Jumatano shemeji alikuja mahakamani na suti ya kijivu, akasalimia watu kwa mikono miwili. Picha zilipachikwa kwenye ubao wenye taa, moja moja. Mpelelezi alipofika kwenye vidole vitatu, shemeji aliruka kutoka kizimbani, akampiga askari kiwiko cha pua, akaelekea alikokaa Mifupa akitukana. Askari wanne walimwangusha. Mbele ya hakimu, kwa macho ya watu mia, alionyesha mwenyewe kile ambacho picha zilikuwa zinajaribu kusema. Alirudishwa rumande siku hiyo, na kesi ilipokwisha, miezi minane baadaye, hakutoka.

Mifupa hakufurahi. Alirudi nyumbani akalikunja gauni la kijani, lililorudishwa na mahakama ndani ya mfuko wa karatasi, akaliweka chini ya mto wake.

Programu ilibadilishwa. Siku hizi folda hutikisika, huuliza, na husubiri jibu. Kumbukumbu huandika nani, saa ngapi, na wapi. Na ukiachia kitu hewani, mkono ukikutetemeka, kitu hicho kinateleza chenyewe kurudi kilikotoka. Wauguzi wanapenda kukichezea. Mifupa alikijaribu mara moja tu, akakitazama kikirudi, akatoka nje kidogo.

Plasta ya pili ilitolewa asubuhi ya Alhamisi. Fundi alikuja kupigwa picha ya mwisho, shati la samawati, mikono yote miwili mizima sasa.

"Weka kiganja hapa. Usitikisike."

"Kuna kitu nataka kukuuliza."

"Wagonjwa wengine wako nje."

"Nauliza kwanza, kama ulivyonifundisha. Siingii bila jibu. Nataka kukuoa. Ukikataa narudi nilikotoka, na Jumatatu nakuja kazini kama kawaida."

Mifupa alimtazama. Nje mtu alikuwa anatukana, mwingine analia, machela ilikuwa inakuja kwa kasi. Alifunga vizuri mkanda wa aproni yake.

"Vuta pumzi," alisema. "Shikilia."

Akaingia nyuma ya ukuta. Fundi alishikilia. Kupitia kioo alimwona akiangalia skrini, akipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akibonyeza, akiangalia tena. Mashavu yalianza kumvimba, mishipa ya shingo ikasimama.

"Umeunga vizuri," sauti ilisema kutoka nyuma ya kioo. "Ndiyo. Nimekubali. Haya, pumua."